Usilipie Subaru ya turbo uliyoikuta imeshapashwa moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Mwanza wanaonunua Subaru Impreza WRX zilizotumika, zile zenye turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, na zaidi niseme na wanaowauzia. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Nyakato, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa ni hizi injini zake za boksa, ambazo silinda zimelala ubavu, nusu kushoto na nusu kulia. Nazipenda. Asije mtu akasoma barua hii akadhani namkataza asinunue.

Sifa za gari hili ni za haki. Colin McRae alilishindia Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Kijana wa Kanda ya Ziwa akishika fedha yake ya kwanza ya maana, awe anauza dagaa Mwaloni Kirumba au ametoka machimboni Geita, hilo ndilo analolitafuta. Siku hizi analipata kwa bei ambayo haiko mbali na ya Toyota IST, kigari cha kawaida. Shida inaanzia hapo, maana matengenezo nayo anayapigia hesabu za IST.

Nitoe mfano mmoja. Kijana mfanyabiashara wa dagaa aliniletea la kwake siku chache tu baada ya kulinunua kwa milioni 12. Alipokwenda kuliangalia alikuta dalali ameshaliwasha kitambo, linanguruma vizuri, boneti ina moto. Nililiacha lilale gereji usiku kucha, asubuhi nikaliwasha mwenyewe. Likagonga kwa chini sekunde chache, kisha presha ya oili ilipopanda sauti ikapotea. Nikalipasha, nikakanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000, nikaachia ghafla. Ule mlio wa kugonga ukarudi, safari hii wazi kabisa. Nilipofungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili ilitoka nzito kama asali, maana kuna mtu alishamimina dawa ya kuongezea uzito ili sauti ifichike. Nikakata filta ya oili na kuikunjua karatasi yake juu ya meza: chembe za beringi zinametameta kila mkunjo. Konrodi ya silinda namba nne, ile inayounganisha pistoni na krenki, beringi zake zilikuwa zimelika mpaka shaba inaonekana, na krenki imechubuka.

Injini iliyotumika kutoka Dar es Salaam, mpaka inashushwa Nyakato, ilimgharimu milioni 3 na laki 8. Taimingi belti mpya pamoja na rola zake na pampu ya maji, ambavyo sikubali kufunga injini ya mtumba bila kuvibadilisha, laki 5 na nusu. Gasketi, oili, kulanti na ufundi, laki 9. Zimekwenda zaidi ya milioni 5 kwenye gari ambalo hata Magu lilikuwa halijafika. Na yule kijana alikuwa ameuliza kila kitu pale yadi: kodi, kadi, redio. Kulisikiliza likiwa baridi hakuna aliyemruhusu.

Hiyo taimingi belti niisemee zaidi, kwa sababu ndiyo inayoua magari haya kimyakimya. Injini ya EJ20 ya WRX, ya lita 2, ina mkanda mmoja unaozungusha kamshafti nne, zile zinazofungua valvu. Unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, valvu zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga pistoni, na hapo hedi zote mbili, yaani vifuniko vya silinda, zinaweza kuhitaji valvu mpya. Dalali anakuonyesha dashibodi imeandika kilomita 78,000 kwenye gari la mwaka 2002. Kama hakuna karatasi inayothibitisha, chukulia kwamba mkanda umefika mwisho, na hiyo laki 5 na nusu iweke pembeni kabla hujapatana bei ya gari.

Halafu kuchemsha. Boksa ina hedi gasketi mbili, zinazoziba kati ya hedi na mwili wa injini, kila upande na yake, na mafundi wengi tunaishusha injini ndipo tuzifikie vizuri. Injini za lita 2.5 ndizo zinazosifika zaidi kwa ugonjwa huu, lakini hata ya lita 2 iliyowahi kuchemka sana haiponi. Ukishaliendesha gari kama nusu saa, simama, liache lingurume, uangalie kwenye chupa ya akiba ya maji. Mapovu yakiendelea kupanda bila kukoma, au ukasikia harufu ya moshi wa ekzosi humo ndani, ondoka.

Mengine ni matunzo, na hapa nawasihi wenye magari. Turbo hailetwi mbio kutoka Lamadi mpaka Magu halafu ikazimwa papo hapo kwa sababu sato anangoja mezani. Oili iliyobaki mle ndani inaungua na kuwa masizi. Kilomita za mwisho nenda taratibu. Kagua dipstiki kila unapojaza petroli. Matairi nunua manne yanayofanana, kwa kuwa gari linasukuma kwa magurudumu yote, na ukichanganya mapya mawili na yaliyokwisha mawili, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo itakayolipa.

Ninyi mnaouza, kaka zangu wa yadi na madalali, ninaloomba ni dogo. Mteja akipiga simu kwamba anakuja asubuhi, msiliwashe gari kabla hajafika. Mwacheni aje na fundi wake. Kupima kompresheni silinda zote nne, kulisikiliza likiwa baridi na likiwa moto, na kuliendesha mpaka Igoma na kurudi, mimi natoza shilingi 60,000. Kazi yenyewe inachukua muda kwa vile plagi za boksa zimejificha ubavuni, karibu na chesisi. Gari lisilo na ubovu halidhuriki kwa kupimwa, na mwenye nalo anapata sababu ya kushikilia bei yake.

Na wewe Mhariri, gazeti lako hutoa matangazo ya magari. Naomba kila tangazo la gari la turbo liwe na mstari mmoja wa ziada: taimingi belti ilibadilishwa lini, kwenye kilomita ngapi, na kama mteja anaruhusiwa kuja na fundi.

Fundi wa Subaru,
Nyakato, Mwanza