Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuchora Mbavu

Ndugu wanachama,

Mkutano wetu uliopita ulitoa agizo moja zito: mbavu za bawa la ndege zikamilike kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Agizo hilo ndilo lililotuongoza mwaka mzima. Lakini muda mwingi karakanani hatukuwa tukikata mbao wala kupaka gundi. Tulikuwa tukichora. Baadhi yenu mliuliza, tena kwa haki, kwa nini kazi ya penseli ichukue muda wote huo na fito za mbao za sprusi zipo rafuni zinasubiri. Taarifa hii ni jibu langu kwa swali hilo, nami nitalijibu kwa urefu, maana naamini hakuna kazi tuliyofanya mwaka huu iliyo na thamani kuizidi hiyo.

Ubavu ndio unaolipa bawa umbo lake. Boriti hubeba mzigo na kitambaa hufunika, ila umbo linalokutana na upepo ni lile lililochorwa kwenye ubavu. Mchoro ukikosewa, kalibu, yaani fremu ya kuundia mbavu, hukosewa, na kila ubavu utakaotoka kwenye kalibu hilo utabeba kosa lile lile bila mtu kulitambua, kwa sababu zote zinafanana. Baya zaidi ni pale bawa la kushoto na la kulia yanapotofautiana kwenye pua, yaani ukingo wa mbele. Ndege ikipunguza mwendo, bawa moja hupoteza nguvu ya kuinua kabla ya lenzake, na ndege hulala upande. Jambo hilo likitokea juu sana, rubani ana nafasi ya kuirudisha. Likitokea wakati wa kutua, hana.

Kwa bawa la mafunzo tulichagua umbo la NACA 4412. Limo katika ripoti namba 460 iliyotolewa mwaka 1933 na NACA, taasisi ya Marekani iliyokuwa ikichunguza maumbo ya mabawa, na wajenzi wa ndege za nyumbani wamelitumia kwa miongo mingi. Tarakimu zake zinajieleza: mpindo, yaani jinsi umbo lilivyojikunja kwenda juu, wa asilimia 4 ya upana wa bawa, kilele cha mpindo kikiwa asilimia 40 kutoka mbele, na unene wa asilimia 12. Upande wake wa chini ni karibu bapa kuanzia katikati kwenda nyuma, na hilo hurahisisha kazi ya kalibu. Upana wa bawa letu, kutoka pua hadi mkia, ni milimita 1500.

Jedwali la umbo hili hutoa vituo, yaani alama za kupimia kutoka pua, kwa asilimia ya upana, na kwa kila kituo kimo cha juu na kimo cha chini, navyo kwa asilimia hiyo hiyo. Kwenye asilimia 30, kwa mfano, kimo cha juu ni 9.76 na cha chini ni 2.26 chini ya mstari wa msingi, ule ulionyooka kutoka pua hadi mkia. Kwetu sisi maana yake ni kituo kilicho milimita 450 kutoka mbele, milimita 146.4 juu ya mstari wa msingi na milimita 33.9 chini yake. Hesabu ni nyepesi. Ugumu uko katika kuzihamisha namba hizo hadi kwenye ubao bila kuzipoteza njiani.

Tulianza na mstari wa msingi. Rula ndefu ya chuma ilijaribiwa kwanza kwa kuchora mstari, kisha kuigeuza na kuchora juu ya mstari ule ule. Mistari miwili isipolingana, rula imepinda na haifai. Vituo vyote vilipimwa kutoka sifuri. Mtu akipima kutoka kituo kimoja kwenda kinachofuata, kila kosa dogo hujumlishwa na la kabla yake, na akifika mkiani amekwisha kupotea. Mistari ya wima ilihakikiwa kwa pembetatu ya milimita 300, 400 na 500, kwa sababu skwea nyingi zinazouzwa madukani si sahihi kama zinavyoonekana.

Baada ya alama kuwekwa, tulipitisha ufito mwembamba unaopindika, ukashikiliwa na vipande vya chuma vizito. Hapo ndipo mchoro unapoanza kusema ukweli. Ufito hupinda kwa ulaini, haupendi vishimo wala vilima. Alama moja ikikataa kukaa kwenye mstari wake, tulikubaliana kwamba hakuna ruhusa ya kuulazimisha ufito uipitie. Kwanza turudi kwenye namba. Kijana mmoja wa chuo cha ufundi aliliona hili vizuri kuliko sisi wazee: kwenye kituo cha asilimia 5, yaani milimita 75 kutoka mbele, mstari ulikuwa na kishimo. Nakala ya jedwali iliyonakiliwa kwa mkono ilisema 4.37 mahali pa 4.73. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi zilikuwa zimeshusha mgongo wa bawa kwa milimita 5.4, tena katika sehemu inayofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote. Nampongeza kijana huyo mbele yenu. Aliamini jicho lake.

Pua ilituchukua muda mrefu zaidi, na sioni aibu kusema kwamba ilistahili. Mtazame jedwali lenyewe: vituo vya mbele vimesongamana, 1.25, 2.5, 5, 7.5, 10, kisha vinaachana hadi kufikia hatua za asilimia kumi. Waliolitengeneza walijua kwamba mstari hugeuka kwa kasi pale mbele. Hata hivyo, kati ya sifuri na 1.25 hakuna kituo, na fundi asiye mwangalifu atazungusha kwa mkono apendavyo. Jedwali linampa dawa: duara la pua lenye nusu kipenyo cha asilimia 1.58, kwetu milimita 23.7. Kitovu chake hakikai juu ya mstari wa msingi. Kinakaa juu ya mstari unaoanzia nchani mwa pua na kupanda hatua moja kwa kila hatua tano, hivyo kwetu ni milimita 23.2 nyuma ya ncha na 4.6 juu ya msingi. Kitovu kikiwekwa kwenye mstari wa msingi wenyewe, pua inainama, na sura nzima ya mbele inabadilika. Mkiani nako, umbo hili halikuishia kwenye makali ya kisu. Lina unene wa karibu milimita 3.9. Msiusugue kwa msasa hadi uishe.

Kuna la ngozi pia, yaani kifuniko cha nje cha bawa. Mbele ya bawa letu, kuanzia pua hadi boriti ya kwanza, litavikwa plaiwudi ya milimita 1.5. Umbo la jedwali ni la nje, pale hewa inapopita, kwa hiyo ubavu lazima upunguzwe unene huo. Wengi hupunguza kwa kushusha kila kimo milimita 1.5 moja kwa moja. Mgongoni njia hiyo hukaribia ukweli, puani huharibu, kwa sababu pale uso unatazama mbele badala ya juu. Tulichora viduara vya nusu kipenyo cha milimita 1.5 juu ya mstari wa nje, kimoja baada ya kingine, kisha tukapitisha mstari mpya unaogusa viduara vyote kwa ndani. Mstari huo wa ndani ndio uliokwenda kwenye kalibu.

Swali la kompyuta lilizua mjadala mkali, nami nitasema msimamo wangu. Kompyuta hukokotoa vimo bila kuchoka na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na karatasi. Tulipeleka faili kwenye duka moja la uchapishaji, na ubavu uliotakiwa kuwa milimita 1500 ukatoka milimita 1494, ilhali urefu wa kwenda juu ulikuwa sawasawa. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Lakini boriti zetu mbili zimeachana milimita 700, na kwenye karatasi ile nafasi hiyo ilikuwa imepungua karibu milimita 3. Mbavu zile zisingeingia kwenye boriti. Tulinusurika kwa sababu katibu alikuwa ametia kwenye faili mstari wa kupimia wa mita moja, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Tangu siku hiyo hakuna mchoro unaotoka bila mistari hiyo miwili.

Hata karatasi iliyochapwa sawasawa haikai ilivyo. Wenzetu wa Mombasa wanajua: karatasi iliyochorwa Nairobi msimu wa kiangazi ikifika pwani hunyonya unyevu na kutanuka, na mara nyingi upande mmoja hutanuka kuliko mwingine. Ndiyo maana kiolezo mama, kile ambacho mbavu zote hulinganishwa nacho, tumekichora kwenye bati la alumini kwa kalamu ya chuma. Alumini nayo hutanuka kwa joto, lakini kwa urefu wetu nyuzi 10 za joto huongeza kama theluthi moja ya milimita tu, tena pande zote sawa.

Wanachama wanaojenga Pietenpol Air Camper, ndege ndogo ya kujijengea nyumbani, wana shida yao ya pekee. Michoro ya Bernard Pietenpol ni ya miaka ya 1930, na vipimo vyake ni vya inchi na visehemu vya inchi. Upana wa bawa lake ni inchi 60, sawa na milimita 1524. Nawasihi zidisheni kila namba kwa 25.4 na muiache hapo. Ukifupisha upana uwe 1500 ili upate namba nzuri, na vimo ukaviacha vilivyo, umekwisha kuunda bawa jingine ambalo halijajaribiwa na mtu yeyote.

Kazi hii si ngeni katika anga letu. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, ndege ya kwanza ya kampuni ilikuwa Gipsy Moth, yenye mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Mbavu kama hizi zilipita juu ya nchi hii kabla wengi wetu hatujazaliwa, na napenda vijana wetu walijue hilo wanaposhika randa.

Kuhusu mengine nitakuwa mfupi. Kalibu la kwanza limekamilika, na mbavu zilizotoka humo zililinganishwa na kiolezo mama moja moja. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zinachelewa na gundi ya epoksi haingoji, ina tarehe yake ya mwisho. Uhusiano wetu na mamlaka ya usafiri wa anga ni mzuri, nami nasisitiza kwamba hakuna bawa litakalovikwa kitambaa kabla mkaguzi hajaona mbavu kwa macho yake.

Naleta mapendekezo matatu mkutano uyapigie kura. Kwanza, kila mchoro wa ubavu upimwe upya na mwanachama wa pili, akianzia kwenye jedwali la asili, bila kuonyeshwa namba za aliyechora. Pili, tununue rula ya chuma ya mita mbili, iwe mali ya chama, isitoke karakanani. Tatu, nakala ya kiolezo mama ikatwe kwa alumini kwa ajili ya wenzetu wa Mombasa, na ipimwe hapa Nairobi pamoja nao kabla hawajaondoka nayo. Yakipita, kalibu la mbavu fupi za ncha ya bawa litaanza kuchorwa mara baada ya mkutano huu, na wanaotaka kushiriki wajiandikishe kwa katibu leo.

Mwenyekiti