Ghorofa lako halijahama

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Jedwali lako la hesabu za jengo linalotikiswa limenifikia na nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Jengo la ghorofa mbili, linatikiswa sekunde 2 tu, halafu sakafu ya juu imeshafika kilometa mbili! Hata tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lililokutia hamu ya mambo haya, halikumhamisha mtu namna hiyo.

Usiitupe kazi yako. Nimeirudia kwa kalamu na iko sawa karibu yote. Kila sakafu tani 20, na nguzo za kila ghorofa zinadai kilonyutoni 20 kwa kila milimita ya kusogea pembeni. Sasa nikuoneshe ninavyofanya mimi kabla sijawasha kompyuta. Kisia umbo la mtetemo, yaani kila sakafu inasogea kiasi gani ikilinganishwa na nyingine: sakafu ya chini isogee 1, ya juu 2. Zisukume sakafu kwa kani za uwiano huohuo. Nguzo za chini zinabeba zote, yaani 3. Za juu zinabeba 2 tu. Kwa hiyo sakafu ya chini inasogea 3, na ya juu 3 hizo ukiongeza 2, yaani 5. Sukuma tena kwa 3 na 5, utapata 8 na 13. Umeziona? Namba za Fibonacci, zile ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia, zimejileta zenyewe ndani ya ghorofa! Uwiano wa sakafu ya juu kwa ya chini unatulia kwenye 1.618, na hilo ndilo umbo halisi.

Ukitumia njia ya Rayleigh, inayolinganisha nishati ya mwendo wa sakafu na ile ya kupinda kwa nguzo, kisio la 1 na 2 linakupa mitetemo 3.18 kwa sekunde. Kisio la 3 na 5 linakupa 3.11, ambalo ndilo jibu. Kisio huja juu ya kweli, haliji chini yake, kwa sababu kulilazimisha jengo lifuate umbo lisilo lake ni kulikaza. Programu kubwa zenye matriksi (majedwali ya namba) za maelfu ya mistari zinafanya mchezo huuhuu, ila kwa maumbo mengi kwa mpigo.

Sasa tuje kwenye kilometa zako. Ulichagua hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho hesabu inaruka kila mara, ya sekunde 0.04 ukaona inatosha, maana mtetemo mmoja unachukua sekunde 0.32, hivyo una hatua nane. Lakini jengo lako lina mtetemo wa pili, ambao sakafu zinakwenda pande tofauti, mara 8.14 kwa sekunde. Huo unachukua sekunde 0.123 tu. Njia ya tofauti ya kati uliyotumia, ile inayopata hatua ijayo kutokana na mbili za mwisho, inataka hatua iwe chini ya muda huo ukigawanywa kwa pai, yaani 0.039. Umezidisha kwa unywele! Kuanzia hapo kila hatua inaukuza mtetemo wa pili mara 1.54 na kugeuza alama yake. Kwa hatua 50 ni zaidi ya mara bilioni mbili. Kosa la mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita, linatosha kukupeleka kijiji cha pili.

Najua utataka kuhamia njia ya Newmark ya mwaka 1959, ile inayotumia wastani wa mchapuko (kasi inavyobadilika) ndani ya kila hatua, kwa kuwa majibu yake hayalipuki kama yako kwa hatua yoyote. Ni kweli. Ila kwa hatua hiyohiyo ya 0.04 itaurefusha muda wa mtetemo wa kwanza kwa karibu asilimia 5, na wa pili kwa asilimia 28, bila kukuonesha dalili yoyote. Mimi naiogopa njia hii kuliko ile inayolipuka, maana ile walau kosa lake unaliona. Tumia hatua ya sekunde 0.005 kisha 0.0025, majibu yakifanana, nenda kalale.

Ulitaja pia daraja la Millennium la London, lililofunguliwa 10 Juni 2000 likafungwa siku mbili baadaye. Hilo si suala la hatua ya muda. Watembea kwa miguu walikuwa wakilisukuma pembeni, na kadiri lilivyoyumba ndivyo walivyozidi kukanyaga kwa kulifuata; kani hiyo haikuwamo kwenye hesabu za usanifu. Walilitibu kwa vifaa 37 vinavyofanya kazi kama shokapu za gari, pamoja na mizigo iliyokalia springi, likafunguliwa tena mwaka 2002.

Nitumie jedwali jipya kabla ya Jumamosi, na usifute lile la kilometa mbili. Nataka kuwaonesha vijana wa hapa kazini. Mama umwambie shikamoo yangu.

Wako,
mwenzako wa dawati la nyuma