Bili ya hospitali haianzi kwa mheshimiwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kadiri uchaguzi wa 2027 unavyokaribia, kila mgonjwa aliyeshindwa kutoka wodini kwa sababu ya deni anageuzwa jukwaa la siasa. Familia inaamkia afisini kwa mbunge na bili mkononi, inazungushwa siku tatu, halafu inaambiwa mheshimiwa yuko Nairobi. Wakati huo wote, hospitalini penyewe kuna milango ambayo hakuna aliyeibisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mbunge. Katika Jedwali la Nne la Katiba, hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya serikali za kaunti. Za rufaa za kitaifa ndizo zilizobaki kwa serikali kuu. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, nayo iliundwa kwa kazi za serikali ya kitaifa, ndiyo maana tunaiona kwenye madarasa na basari. Kwa hiyo mbunge akisema atalipa bili ya hospitali ya kaunti, anazungumzia pesa za mfukoni mwake, na za mfukoni hazimfungi. Elfu hamsini zilizotangazwa kwa kipaza sauti ni ahadi, na karani wa malipo hana mahali pa kuandika ahadi. Ukitaka mwanasiasa wa kubana, mbane gavana na diwani wa wadi yako, maana bajeti ya hospitali hiyo inapita mikononi mwao.

Sasa SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya ya umma. Tangu Oktoba 1, 2024 ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, watu wamechanganya kujisajili na kulipa. Kujisajili ni bure. Unabonyeza *147# ukiwa na nambari ya kitambulisho, au unasaidiwa na mhudumu wa afya wa kijijini. Usajili peke yake unakufungulia zahanati na kituo cha afya. Ukilazwa katika hospitali ya kaunti au ya rufaa, kompyuta inaangalia kama umelipa, na hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba ule ujumbe wa simu wa kuwakaribisha haukuwa bima.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Anayepata Sh30,000 hukatwa Sh825, na katika NHIF alikuwa akikatwa Sh900. Wa Sh100,000 alipanda kutoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Asiye na mwajiri huulizwa maswali kuhusu kaya yake: ukuta, paa, sakafu, choo, maji, anachopikia, idadi ya watu. Mfumo unapiga hesabu na kumpa kiwango ambacho hakiwezi kushuka chini ya Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na mara nyingi jibu huja juu ya hapo. Maswali haya yanahitaji utulivu. Mpangaji wa chumba kimoja cha mawe mjini, chenye stima na choo cha kuvuta, anaweza kukadiriwa juu kuliko mwenye ekari tano anayelala nyumba ya udongo. Usimwachie kijana wa saiba, duka la kompyuta, akujibie kwa kukisia huku foleni ikimsukuma. Keti naye, soma kila jibu, na kiwango kikitoka kisichofanana na maisha yako, nenda dawati la SHA katika Huduma Centre ulalamike kabla hujaugua.

Tatizo kubwa liko kwenye namna ya kulipa. Asiye na mwajiri anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. NHIF ilikuwa Sh500 kwa mwezi, na mama mboga aliweza kuitenga pamoja na pesa ya chama. Mwambie huyo huyo atoe elfu tano au sita Januari, mwezi wa karo na sare, na jibu unalijua. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioletwa mwaka wa 2025 umepunguza makali, lakini ni mkopo: taasisi ya fedha inakulipia mwaka mzima, nawe unairudishia kidogo kidogo. Mtu hapaswi kukopa ili awe na haki ya kuugua.

Hata aliyelipa hukwama, na sababu ni zilezile. Ya kwanza ni wazazi. Kijana aliyeajiriwa Nairobi akiona makato kwenye payslip hudhani mama yake kijijini amefunikwa, kumbe bima yake inamhesabu yeye, mwenzi wake na watoto wao. Mzazi ni kaya nyingine, anajisajili na kulipiwa kivyake. Ya pili ni wategemezi wasioongezwa kwenye mfumo. Mke ambaye hajaandikwa haonekani, hata kama mume hajakosa kukatwa mwezi mmoja. Ya tatu ni simu: laini uliyojisajilia ilipotea, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye nambari iliyokufa, na wewe unasubiri kwenye benchi. Ya nne inawapata wazee waliolima maisha yao yote. Vidole vimesuguliwa na jembe na mashine haisomi alama zake. Mzee asisajiliwe juujuu kwa haraka. Ajaribiwe kidole kimoja baada ya kingine, na anayemsindikiza abebe kitambulisho chake halisi badala ya nakala.

Vikomo navyo vijulikane mapema. Mpango ulipoanza, saratani ilitengewa Sh550,000 kwa mwaka: Sh400,000 kutoka hazina ya bima ya jamii na Sh150,000 kutoka ile ya maradhi sugu na mahututi. Pesa hizo ni za kaya nzima, kwa hiyo wagonjwa wawili katika nyumba moja wanagawana. Usafishaji wa figo uliwekewa Sh10,650 kwa kila kipindi, kujifungua kwa kawaida Sh10,000, kwa upasuaji Sh30,000. Kabla ya kukubali matibabu ya gharama, uliza swali moja tu: SHA italipa kiasi gani na mimi nitabaki na kiasi gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi. Katika hospitali za kibinafsi uliza pia kama SHA inapokewa siku hiyo. Februari 2025 chama chao cha RUPHA kiliwahi kusimamisha huduma za mkopo kwa wenye SHA kwa sababu ya madeni ya bima yasiyolipwa, na wagonjwa waliofika na bima yao wakatakiwa kutoa pesa taslimu.

Tuje kwenye mlango usiobishwa. Hospitali ya umma ina afisa wa ustawi wa jamii, na ana utaratibu wa kusamehe bili ya asiyejiweza. Si jambo geni. Lilikuja pamoja na sera ya kuchangia gharama ya mwaka wa 1989, ili asiye nacho asifukuzwe. Watu huenda kwake siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshafika shingoni, ilhali siku ya kumwona ni ya pili au ya tatu baada ya kulazwa. Beba nakala ya kitambulisho cha mgonjwa na cha mtu wa karibu, barua ya chifu au naibu wake, uthibitisho wa hali ya SHA ya mgonjwa, na stakabadhi za chochote mlicholipa. Atauliza maswali, pengine apige simu kijijini, kisha aandike pendekezo. Uamuzi hufanywa na kamati, na kamati haiketi kila siku, kwa hiyo uliza inaketi lini. Inaweza kusamehe yote, kusamehe sehemu, au kuwaruhusu mlipe kidogo kidogo mkiwa na mdhamini.

Maombi mengi huangukia kwenye barua ya chifu. Ile inayosema "namjua huyu ni maskini" haina uzito. Mwombe aandike kazi ya mgonjwa, wangapi wanamtegemea, kama ana shamba na la ukubwa gani, na kama kuna mtoto aliyeajiriwa. Sababu ya pili ni familia yenyewe. Ndugu wanne wanafika kwa zamu na kila mmoja ana hadithi yake, huyu anasema kuna ng'ombe wa kuuzwa, yule anasema hakuna kitu. Chagueni msemaji mmoja. Hospitali ya kibinafsi haina kamati ya namna hii, ni mapatano tu. Kama mnaona hamtafika, ombeni uhamisho wa kwenda hospitali ya umma wakati bili iliyopo bado inalipika.

Bili nayo isomwe. Ombeni ya muda kila baada ya siku mbili, msingoje ya mwisho. Chukueni kalamu mpitie mstari kwa mstari: kitanda, dawa, maabara, picha, chumba cha upasuaji, kisha vile vidogo vya glavu, sindano, mipira na maji ya dripu. Dawa mliyotumwa kununua duka la nje isionekane humo, maana kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hivyo wekeni risiti. Kipimo kilichoagizwa na hakikufanywa, kwa kuwa mashine iliharibika au kemikali iliisha, kiondolewe. Angalieni zaidi siku za kitanda. Daktari akiandika kwamba mgonjwa anaweza kwenda nyumbani Jumanne na akazuiwa hadi Jumatatu kwa sababu ya deni, usiku sita zinaongezwa kwenye deni lilelile linalomzuia. Andikeni tarehe na saa ya kuruhusiwa, mwombe mhasibu asimamishe hesabu hapo, na ombi liwe kwa maandishi. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuia kina mama waliojifungua katika hospitali ya umma kwa sababu ya bili kulikiuka haki zao. Wahasibu wengi wanaijua hukumu hiyo, ingawa hawatakuwa wa kwanza kuitaja. Mkitakiwa kuacha hatimiliki ya shamba kama dhamana, msiiache bila karatasi iliyotiwa sahihi na muhuri.

Na aliyeletwa mahututi asirudishwe getini kwa kukosa pesa za kuanzia. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mchango uje baada ya hayo, mkijua deni halisi lililobaki. Hapa pia pesa hupotea bila mwizi. Nambari ya M-Pesa inayowekwa kwenye bango ikiwa na deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, shilingi za kwanza kuingia zinamezwa na deni hilo, kwa hiyo mwenye laini alipe kwanza au mchague mwingine. Akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya Sh500,000, na ikijaa michango inayofuata inakataliwa. Mchangaji aliyerudishiwa pesa hajaribu tena kesho. Njia iliyo safi ni paybill ya hospitali, yaani nambari yake ya kupokea malipo ya M-Pesa, nambari ya mgonjwa ikiwa ndiyo akaunti. Kila shilingi inashuka kwenye bili moja kwa moja na hakuna wa kushuku mwekahazina. Acheni kiasi kidogo cha nauli, chakula na dawa za nyumbani, maana paybill ya hospitali haitoi pesa ya teksi ya kumrudisha mgonjwa kijijini.

Kwa wenye mamlaka nina maombi matatu. Wizara ya Afya ibadilishe kanuni ili asiye na mwajiri alipe SHA kwa mwezi, au hata kwa wiki, na bima yake ihesabiwe kuanzia alipolipa, bila kupitia mkopo wa mtu. Kila kaunti ibandike ukutani kando ya dirisha la malipo: afisa wa ustawi wa jamii yuko chumba gani, kamati inaketi siku gani, karatasi zinazotakiwa ni zipi. Karatasi moja ya A4, kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo. Haihitaji zabuni.

La tatu ni la waheshimiwa. Anayetaka kumsaidia mgonjwa achukue nambari yake ya wodini na alipe kupitia paybill ya hospitali kabla hajapanda jukwaani. Ujumbe wa M-Pesa utakaoingia kwenye simu yake ndio ausome kwenye kipaza sauti, akitaka.

Karani mstaafu wa hesabu za hospitali,
Nakuru.