Nilimwambia mwalimu ploti imejaa, kumbe sivyo

Hujambo mshauri? Pokea salamu kutoka hapa Nakuru. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana simu hainipi nafasi, na jambo lenyewe sitaki lisikike afisini.

Mimi ni ajenti wa nyumba, mwaka wa tisa sasa. Nimesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba kama sheria inavyotaka, na cheti nimekitundika mahali kila anayeingia atakiona. Hapa mjini mabroka wametuharibia jina. Mtu anauziwa shamba la mwingine, na kesho yake simu ya aliyemuuzia haipatikani.

Miezi miwili iliyopita alinijia mwalimu mstaafu kutoka Kakamega. Ana kiinua mgongo chake pamoja na akiba ya chama cha ushirika, na hajawahi kumiliki hata chumba kimoja cha kupangisha. Mkewe alitaka wanunue ng'ombe wa maziwa, yeye akashikilia ploti. Ananiita "binti yangu".

Nilimwonyesha ploti tatu, na ya mtaa wa Free Area ndiyo iliyomwingia moyoni: bedsita 12, yaani vyumba vya kupangisha vya mtu kulala na kupika humo humo, kila moja kodi ya shilingi 4,000 kwa mwezi, bei milioni 6.5. Tulikwenda Jumamosi saa tano asubuhi. Kamba zilikuwa zimejaa nguo, karibu kila mlango una jiko nje, watoto wanacheza. Mwalimu akaniuliza, "Binti yangu, zote zina watu?" Nikamjibu, "Zote, mwalimu." Sikuwa nimehakikisha. Niliamini macho yangu na neno la mwenye ploti.

Tuliporudi garini alitoa daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Shilingi 48,000 kwa mwezi, 576,000 kwa mwaka. Akaondoa asilimia 7.5 ambayo KRA, mamlaka ya ushuru, hudai kwenye kodi ya nyumba, yaani 43,200. Akaondoa marekebisho, ada ya wakili, na ushuru wa stempu, ambao huku mjini ni asilimia 4: 260,000. Nilimtazama akiandika polepole kama anayesahihisha mtihani. Hesabu yake haikuwa na kosa ila ile 12, na hiyo nilimpa mimi.

Jumanne iliyopita wakili aliniomba picha ya mita ya maji. Nikapitia pale bila kumwarifu mtu, saa moja unusu jioni, giza limeshaingia. Taa zilikuwa zikiwaka kwenye vyumba vitano tu. Nikashika kufuli ya namba 9, ikaniachia kutu vidoleni. Nikafungua kisanduku cha mita za tokeni za umeme, nikakuta saba zinasoma sufuri. Keateka, yaani mtunza ploti, mama mmoja mpole, akanivuta kando. Akaniambia wale watu wa Jumamosi waliletwa asubuhi ileile, kila mmoja akapewa shilingi 300 na nguo za kuanika.

Wapangaji wa kweli walihamishwa na ukosefu wa maji. Mfereji unatoa maji mara moja kwa wiki, na siku zilizobaki ni kununua kwa mitungi. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, mpangaji wa bedsita atavumilia chumba kidogo, atavumilia hata kodi ikiongezwa kidogo, lakini maji na choo vikimshinda anafunga godoro.

Vyumba vitano ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Hazifiki hata 288,000, pale ushuru wenyewe wa KRA unapoanzia.

Mwenye ploti ndiye aliyenipa kazi ya kwanza nilipokuwa nikizunguka na bahasha yangu mkononi. Leo hii namkusanyia kodi kwenye ploti zake nyingine nne, na mapato hayo ndiyo yanayolipia afisi yangu. Hii ikiuzwa nitapata asilimia 3, yaani 195,000, na binti yangu anahitaji karo Januari. Nilipompigia kumuuliza kuhusu Jumamosi ile, hakukana. Alisema, "Mnunuzi ni mtu mzima na alikuja na macho yake. Wewe kazi yako ni kuuza."

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ploti yenyewe si mbaya. Nilifanya sachi, yaani kukagua rekodi, kwenye afisi ya ardhi, hati haina deni la benki wala zuio. Mke wa mwenye ploti amekubali kuuza, na mawe ya mipaka yako mahali pake. Mtu akichimba kisima na kuweka tangi kubwa, vyumba vile vitajaa. Ukweli ukisemwa na bei ishuke hadi kama milioni 4.5, mimi mwenyewe ningemwambia mwalimu anunue.

Mwenzangu afisini, nilipomdokezea kidogo, alinishauri nimwambie wakili adai taarifa za M-Pesa za kodi ya mwaka mzima. Ukweli utajitokeza, nami nitakuwa sijamchongea mtu. Nililipenda wazo hilo kwa siku moja. Kisha nikamwona akilini mwalimu akizisoma karatasi hizo na kunigeukia, nami nimekaa kimya kana kwamba sikujua. Yeye hakuamini karatasi, aliamini mdomo wangu.

Mkataba utatiwa sahihi Ijumaa ya wiki ijayo, na siku hiyo atalipa asilimia 10 ya bei, shilingi 650,000. Akishatia sahihi, kujitoa kunaweza kumgharimu pesa hizo.

Je, nimwambie mwalimu sasa hivi, kabla sijazungumza tena na mwenye ploti? Au nimpe mwenye ploti, mzee aliyenishika mkono nilipoanza kazi, muda wa siku mbili aseme ukweli mwenyewe na ashushe bei? Na zile ploti nne, nizirudishe kwa hiari yangu au ningoje aninyang'anye? Kama kuna msomaji ambaye amewahi kununua kupitia ajenti aliyemkosea kisha akarudi kukiri, naomba aniambie alitaka asikie maneno gani kwanza.

Mwalimu amenipigia leo jioni. Ameuliza kama wapangaji watafurahi akivipaka vyumba rangi mpya kabla ya Krismasi. Nimemwambia nitampigia kesho.

Ajenti,
Nakuru