James Earl Jones hakuzaliwa na ngurumo

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu 1991 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani, imenishinda. Aya sita mmempa, na tano ni za sauti aliyowapa Mufasa, simba wa filamu ya The Lion King, na Darth Vader, mtu mbaya wa filamu za Star Wars. Hata picha ni ya simba, si yake.

Najua tunampendea nini Mufasa. Mle ndani kuna Simba, kuna Rafiki, kuna hakuna matata, tunajisikia. Lakini Mufasa alikuja 1994, mzee ana miaka 63 na tayari ana tuzo mbili za Tony, tuzo za Marekani za maigizo ya jukwaani, za mwigizaji bora. Ya 1969 aliipata kwa tamthilia ya The Great White Hope, alipocheza bondia aliyechotwa katika maisha ya Jack Johnson, bingwa mweusi wa kwanza wa dunia wa uzito wa juu. Ya 1987 ni ya Fences, tamthilia ya August Wilson: mzoa taka wa Pittsburgh, zamani hodari wa besiboli, anayemnyima mwanawe nafasi ya kucheza futiboli ya Kimarekani. Kazi hiyo haifanywi kwa koo peke yake. Unasimama mwili mzima mbele ya watu, usiku baada ya usiku, na ukikosea hakuna kurudia. Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, alipanda tena jukwaa la Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, pamoja na mwigizaji Cicely Tyson. Mwaka 2022 ukumbi mmoja wa huko ukapewa jina lake. Kwenu, kimya.

Kilichonichoma hasa ni pale mlipoandika kwamba “alizaliwa na sauti ya ngurumo”. Alizaliwa Mississippi 1931, akahamia Michigan kulelewa na babu na bibi yake, akashikwa na kigugumizi hata akaishi karibu miaka minane bila kusema shuleni. Aliyemfungua ni mwalimu, Donald Crouch, aliyegundua kuwa kijana anaandika mashairi. Alimwambia shairi lake la balungi ni zuri mno, basi athibitishe ni lake: alighani mbele ya darasa bila karatasi. Akaghani lote, hakukwama. Mimi nina kigugumizi, Mhariri. Nikiwa darasa la tano, Muheza, mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha nisome ubeti mmoja. Nikakwama kwenye neno la kwanza. Darasa likacheka, na mwalimu akacheka nalo, akasema nikae, tungemaliza kesho. Kesho hiyo haikuja. Hadi namaliza la saba sikunyoosha mkono tena, na majibu nilikuwa nayo. Leo nina miaka 52, nina duka, na siku ulimi ukigoma namwandikia mteja bei kwenye karatasi. Mwalimu wangu na yule wa Michigan wote walikuwa na mtoto, shairi na darasa. Hiyo ndiyo habari mliyoiacha nje!

Na redio nazo. Kila asubuhi kuna mchekeshaji anayeigiza mtu wa kigugumizi, na mtangazaji anacheka mpaka anakohoa. Binti yangu wa mwisho amerithi ulimi wangu. Wakifika hapo huinuka mwenyewe akazima, kisha anavaa viatu vya shule bila neno.

Ninachoomba ni hiki. Katika ukurasa wa watoto wa Jumamosi, tengeni kila wiki nafasi ya shairi la mtoto mwenye kigugumizi: beti nne, mizani nane kwa nane. Kabla ya kulichapa, mwandishi wenu aende amsikilize mtoto akilighani lote, hata likichukua dakika ishirini, na asimmalizie neno hata moja. La kwanza lipo. Binti yangu ametunga la machungwa ya Muheza. Nitamleta ofisini kwenu likizo hii, na atalisema mwenyewe.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga