Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mafunzo Kuhusu Pombe na Ujauzito

Ndugu wanachama,

Habari za ada na ukaguzi wa hesabu atazieleza mhazini. Mimi naomba muda wangu niutumie kwenye mafunzo yetu ya kuzuia unywaji pombe kwa wajawazito.

Kwamba pombe inadhuru mimba, wakunga wengi walikuwa wanalijua. Tatizo lilikuwa namna ya kuuliza. Foleni ya kliniki ni ndefu, mkunga anauliza huku akijaza kadi: "Pombe hutumii, eti?" Mama anajibu hatumii, anaitwa mwingine. Na hapa kwetu Kilimanjaro huenda mama huyo hajadanganya, maana mbege ya ndizi na ulezi wengi huihesabu kama chakula.

Kwa hiyo tumejifunza kuuliza upya: tunaanza na kipindi kabla hajajua kuwa ni mjamzito, tunataja mbege, bia na gongo kwa majina, kisha tunauliza kiasi. Chupa ya bia ya mililita 500 ina karibu gramu 20 za kilevi. Mbege haina lebo, nguvu yake hutegemea mpishi, hivyo hatuwezi kujua mama amekunywa kilevi kiasi gani, wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya dai kwamba "kidogo hakidhuru", dai ambalo si kweli. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma, na ini la mtoto aliye tumboni bado ni changa mno kuiondoa. Ubongo wake hujengeka miezi yote ya mimba. Madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni yalielezwa na madaktari Ufaransa mwaka 1968 na Seattle, Marekani, mwaka 1973, ila wengi wetu tulimaliza chuo bila kufundishwa maelezo hayo. Hilo linaniuma.

Nasisitiza jambo moja. Mama aliyezoea kunywa kila siku asiamriwe kuacha ghafla. Anaweza kupata degedege. Apewe rufaa aachishwe chini ya uangalizi. Wala asigombezwe, kwa sababu akikimbia kliniki tunakosa pia kumpima shinikizo la damu na VVU.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuwafundishe wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaofika nyumbani na kuzungumza na waume pia. Nawaomba waganga wafawidhi wawaruhusu wakunga kuhudhuria bila kukatwa siku za likizo.

Naomba mkutano uridhie pendekezo hili.