Wasichana nao wafunzwe pesa kambini

Mhariri, likizo ya Desemba imekaribia na makanisa mengi huku Meru yanapanga kambi za vijana, wavulana wakishatahiriwa wanakaa na wazee wanafunzwa pesa, uongozi, biashara, hata wanapelekwa kupanda mlima. Wasichana je? Ni mavazi, kupika, na kuambiwa wajichunge na wavulana. Sawa, kambi hizo zimewakinga wengi na ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya 2011 inakataza lakini bado watu wanafanya kwa siri, na hapo nashukuru sana. Lakini huyu msichana si pia ataajiriwa, atachukua loni, ataongoza kamati? Na mvulana mbona haambiwi ajichunge? Wachungaji wetu tafadhali, ratiba zote mbili ziandikwe kwa meza moja.

Mama wa wawili, Meru